Heat, Collateral au Thief? Jibu kwa dereva wa bajaji wa Nkuhungu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa bajaji hapa Dodoma, kijiwe changu kipo Nkuhungu. Tuna ubishi saluni hauishi. Sote ni mashabiki wa Michael Mann, yule mwongozaji wa filamu wa Marekani. Kaka yangu anasema filamu yake bora ni Heat, kwa sababu ya ile vita ya nje ya benki. Mimi nasema Collateral, kwa sababu ni ya usiku mmoja, haina porojo, na steringi ni dereva kama mimi. Kinyozi anatukatalia wote wawili, anasema Public Enemies ndiyo yenyewe kwa kuwa ni kisa cha kweli. Kuna mwingine anasema Heat haina steringi, hujui hata umshangilie nani. Tumewekeana kreti ya soda. Tusuluhishe, na utuambie kwa nini."

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na hukumu ili usisome roho ikiwa juu: ni Heat. Ila sababu aliyotoa kaka yako ndiyo ndogo kuliko zote, na wewe uliyeshindwa umegusa jambo ambalo yeye hajaligusa. Nitalieleza. Na kwa kuwa filamu hizi huwezi kuzijadili bila kusema nani anakufa, ambaye hajaziona aishie hapa, akaziangalie kwanza.

Mann alizaliwa Chicago mwaka 1943, akasomea filamu London, akarudi Marekani kuandikia vipindi vya polisi vya televisheni. Filamu yake ya kwanza ya sinema ni Thief ya mwaka 1981. Kuanzia hapo amekuwa akimfuata mtu wa aina moja tu: mtu anayeijua kazi yake kuliko wenzake wote, na kazi hiyohiyo ndiyo inayommaliza. Awe mwizi, awe mpelelezi, awe muuaji wa kukodiwa. Hata bondia, maana Ali ya mwaka 2001 nayo ni yake, na lile pambano la Kinshasa unaloliona mle lilipigwa picha Maputo. Kwa hiyo mkibishana kuhusu Mann msihesabu risasi. Ulizeni filamu ipi inaionyesha kazi kama ilivyo, halafu ulizeni gharama ya kazi hiyo inamwangukia nani. Swali hili la pili ndilo linalozitenganisha filamu zake nzuri na ile moja iliyo juu ya zote.

Nimeshangaa saluni nzima hamkuitaja Thief. James Caan ni Frank, mvunja makasiki wa Chicago ambaye mchana anauza magari. Mann hakutaka wizi wa kuigiza. Mshauri wake, John Santucci, alikuwa mwizi wa kweli. Vifaa vile ni vya kweli na kasiki linakatwa kweli, kwa bomba la chuma linalowaka hadi chuma cha mlango kinatiririka kama uji. Kazi inaonyeshwa polepole, bila haraka, unamwona mtu amechoka, amekaa kwenye kiti anavuta sigara mbele ya shimo alilotoboa. Halafu Mann akafanya utani wake: Santucci akampa nafasi ya polisi mla rushwa, na Dennis Farina, aliyekuwa polisi halisi wa Chicago, akamweka upande wa majambazi.

Kuna sini ya mgahawani ambayo kila anayetaka kuandika mazungumzo ya filamu angeikariri. Frank amekaa na Jessie, mwanamke anayemtaka, anamweleza jinsi alivyofungwa akiwa kijana kwa kosa la dola 40, na jinsi jela ilivyomrefushia kifungo. Anatoa kadi aliyoitengeneza kwa kukata picha magazetini na kuzibandika: nyumba, mke, watoto, na sura ya mzee Okla, rafiki yake aliyebaki gerezani. Maisha yote anayoyataka yameenea kwenye kiganja. Hamwambii "nakupenda". Anamwonyesha kadi.

Basi kwa nini nisiipe ushindi? Kwa sababu mwishoni Frank anamfukuza mke na mtoto, anailipua nyumba, anayachoma magari yake, anaikunja ile kadi na kuitupa, anakwenda kuua. Ni mwisho mkali, sikatai. Lakini Jessie anaingizwa garini na filamu haimtazami tena. Gharama tunaisikia kutoka mdomoni kwa Frank peke yake. Mann alikuwa bado hajajua kugeuza kamera upande wa pili wa meza.

Sasa tuje kwako. Collateral, mwaka 2004. Nakuelewa kabisa kwa nini umeishika. Max, anayeigizwa na Jamie Foxx, anaendesha teksi Los Angeles miaka 12 na bado anasema ni kazi ya muda tu. Ana picha ya visiwa vya Maldives amechomeka juu ya kioo, anaitazama mambo yakimzidi. Gari lake safi. Anajua njia gani itajaa saa ngapi, na dakika za mwanzo anabishana na abiria wake, wakili wa serikali, njia ipi ni fupi, mpaka anamwekea dau: akikosea, safari ni bure. Wewe unayegombea abiria wa treni ya umeme usiku, ukimpigia mtu hesabu ya kumfikisha Ilazo kabla mvua haijaanza, huhitaji mimi nikufafanulie utamu wa sini ile. Mann ameheshimu kazi ya udereva kama alivyoheshimu ya kuvunja makasiki. Sijui mwongozaji mwingine wa filamu za majambazi aliyefanya hivyo kwa uaminifu ule.

Kisha anapanda Vincent, Tom Cruise mwenye mvi na suti ya kijivu, ana watu watano wa kuua kabla hakujapambazuka. Nusu ya kwanza haina kasoro. Na kuna jambo la ufundi hapa: sehemu kubwa ya filamu ilipigwa kwa kamera za dijitali wakati wengi bado walikuwa wanatumia filamu ya mkanda, kwa sababu kamera zile ziliweza kuona usiku wa jiji kama jicho linavyouona. Mawingu yanaonekana rangi ya chungwa kwa taa za barabarani. Kabla ya hapo usiku wa sinema ulikuwa mweusi au wa buluu ya kubandika. Tatizo ni nakala mnazoangalia. Ile uliyojaziwa kwenye flashi kwa mia tano imebanwa mpaka usiku wote umekuwa vidoto vyeusi, yaani hiyo filamu uliyoipigania saluni hujaiona bado vizuri. Itafute nakala safi, utanishukuru.

Anapoanguka Mann ni baada ya teksi kupinduka. Inatokea kwamba mtu wa tano wa kuuawa ni yuleyule wakili aliyepanda mwanzo. Jiji la mamilioni ya watu! Kuanzia hapo ni kukimbizana: jengo lenye giza, ngazi, treni. Kukimbizana kwenyewe kumetengenezwa vizuri, ila hata mwongozaji wa kawaida angekuletea. Kinachoiokoa ni kifo cha Vincent ndani ya treni, maana mapema alikuwa amemsimulia Max habari ya mtu aliyefia kwenye treni ya jiji hilo na kuzungushwa masaa bila abiria kugundua. Foxx aliteuliwa kwa Oscar kwa nafasi hii, mwaka uleule aliochukua nyingine kwa filamu ya Ray. Alistahili zote.

Lakini Max hana mtu wa kumpoteza zaidi ya mama yake aliyelazwa, na yeye anatoka mzima. Gharama inamwangukia Vincent, na Vincent hana nyumba, hana mke, hana hata jina la uhakika. Akifa ni kama hesabu imefungwa. Hapo ndipo Heat inapokupita, na inakupita mbali.

Kaka yako anasema vita ya benki. Sawa, mimi kazi yangu ni uhariri wa filamu, nikianza kuisifia vita ile hatutalala. Waigizaji walifundishwa na Andy McNab, askari wa zamani wa kikosi maalumu cha SAS cha Uingereza, ndiyo maana unaona mmoja anafyatua wakati mwenzake anakimbia, kisha wanabadilishana bila kuitana. Na ule mlio! Kwa kawaida milio ya bunduki tunaibandika baadaye studio. Mann aliamua kutumia sauti iliyonaswa palepale mtaani, jinsi ilivyogonga kuta za maghorofa na kurudi. Ndiyo maana ukiisikia kwenye spika nzuri kifua kinashtuka. Filamu nyingi zilizofuata zimejaribu kuiga mlio ule, nyingi zimeambulia makelele tu.

Muulize kaka yako hivi: kwenye vita ile, dereva wao ni nani? Naweka dau lingine la soda kwamba hamkumbuki. Anaitwa Breedan, ameigizwa na Dennis Haysbert. Ametoka jela kwa parole, yaani kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, amepata kazi jikoni kwenye mgahawa, anakaanga nyama. Bosi wake anajua kwamba akilalamika tu anaweza kurudishwa ndani, kwa hiyo anamkata sehemu ya mshahara na kumtupia kazi zote chafu. Mke wake, Lillian, anamwambia anamwonea fahari. Siku ya tukio dereva wa genge anakuwa na polisi mgongoni, McCauley, mkuu wa genge anayeigizwa na Robert De Niro, anaingia mgahawani, anamwona Breedan waliyefungwa naye, anamwuliza kama yuko tayari, sasa hivi, ndiyo au hapana. Breedan anageuka kulitazama jiko. Anasema ndiyo, anampiga kikumbo bosi, anatoka. Baada ya muda mfupi amekufa kwenye usukani. Lillian anapata habari kwenye televisheni, yuko na watu, wala hawajui kwamba yule aliyetajwa ni mumewe.

Mtu huyu ana dakika chache mno kwenye filamu ya karibu saa tatu, na ukimtoa hadithi ya wizi haipungui kitu. Mann kamweka kwa sababu alitaka tujue kila aliyemo ndani ya gari lile ana mlango anaoutarajia kuufungua jioni. Cheritto ana watoto wadogo. Chris, ambaye ni Val Kilmer, ana mke, Charlene, na mtoto. Upande wa polisi, Hanna wa Al Pacino yuko kwenye ndoa ya tatu na inamfia mikononi. Kuna pahala binti wa mke wake anakutwa bafuni amejikata mishipa, Hanna anambeba mpaka hospitali, wanakaa yeye na mkewe wanaongea kama watu wazima pengine kwa mara ya kwanza. Kisha kile kidude cha kumwita kazini kinalia. Mke anamwambia nenda. Tazama anavyoshuka zile ngazi, mdogo wangu. Anashuka mbiombio, mwepesi, kama mtoto aliyeruhusiwa kwenda kucheza. Sitaki kumhukumu, lakini mwili wake umeshasema anakotaka kuwa.

Sini ambayo nimeirudia kuliko zote, hata kuliko ile ya Hanna na McCauley wakinywa kahawa, ni ya Charlene kwenye roshani. Polisi wamemficha ndani ya nyumba pamoja na mtoto, wamemwambia asipomtoa mumewe atafungwa na mtoto atachukuliwa. Na huyu si mwanamke wa kumlilia Chris. Ndoa yao ni ya kelele na kamari, na yeye ana mwanaume wa pembeni. Chris anafika na gari, amejeruhiwa, amekata nywele, anainua uso na kutabasamu. Charlene amesimama, mikono kwenye ukingo, nyuma yake polisi wanasubiri. Mkono mmoja, chini kabisa, unateleza kidogo kuelekea pembeni, kiganja bapa. Basi. Tabasamu la Chris linakatika. Anarudi garini. Polisi wanamsimamisha hapo chini, wanaangalia kitambulisho chake cha bandia, wanamwachia. Hakuna neno lililosemwa na hakuna muziki wa kukusukuma ulie. Ndiye pekee wa genge lile la benki anayetoka salama, na hakuokolewa na bunduki.

Ukiangalia hii kwenye kibanda umiza na mtafsiri anaongea juu yake, umekosa kila kitu. Nawapenda watafsiri wetu, wametulea, lakini pale hawana cha kutafsiri na kazi yao ni kuongea, basi wanaongea.

Nikigusa ile ya kahawa: Pacino na Robert De Niro walikuwamo wote kwenye The Godfather Part II mwaka 1974 bila kukutana hata sini moja, mmoja akiwa baba enzi za ujana na mwingine mwana. Heat ndiyo iliyowakalisha meza moja. Mann aliweka kamera mbili zikipiga kwa pamoja, moja juu ya bega la kila mmoja, ili ukimwona De Niro anapepesa jicho ujue anajibu kitu ambacho Pacino amekifanya dakika ileile. Sisi wahariri tunajua maana yake: huwezi kudanganya. Mengi tunayoyaona kwenye filamu ni jibu lililopigwa asubuhi kwa swali lililopigwa jioni. Na wanachoongea si vitisho. Wanasimuliana ndoto mbaya wanazoota.

Sasa mwambie kinyozi kwamba kama ni ukweli anautaka, Heat anayo. Jina Neil McCauley ni la mwizi halisi aliyeuawa Chicago mwaka 1964, na aliyemuua ni mpelelezi Chuck Adamson, ambaye baadaye alikuwa rafiki na mshirika wa Mann. Ile kahawa walikunywa kweli, Adamson na huyo McCauley halisi. Mann aliibeba hadithi hiyo miaka mingi. Mwaka 1989 aliitengenezea filamu ya televisheni, L.A. Takedown, ya bajeti ndogo. Haikumtosha, akairudia yote upya na kuitoa mwaka 1995. Public Enemies ya mwaka 2009 nayo ina mambo yake mazuri, walipiga picha hadi kwenye nyumba ileile ya wageni kule Wisconsin ambako John Dillinger, jambazi wa benki ambaye ndiye kisa chenyewe, alizingirwa. Lakini filamu inawaua majambazi wengine, Baby Face Nelson na Pretty Boy Floyd, kabla ya Dillinger, wakati wote wawili walikufa miezi kadhaa baada yake, mwaka huohuo wa 1934. Kisa cha kweli kimepangwa upya. Sina ugomvi na hilo, ila lisitumike kama hoja.

Yule anayesema Heat haina steringi nampa heko, maana ameona kitu hata kama hajakipenda. Vibanda vimetulea na sheria kwamba steringi hafi, na akifa watu wanataka hela yao. Mann anakupa wawili na kukufanya umwombee kila mmoja, ukijua lazima mmoja aanguke. McCauley ana kanuni yake: usiwe na kitu usichoweza kukiacha ndani ya sekunde 30 ukiona polisi wamekaribia. Mwishoni yuko njiani kuelekea uwanja wa ndege, ameshinda, ana mpenzi wake Eady pembeni. Anageuza gari kwenda kulipiza kisasi kwa Waingro, mwenzao wa zamani aliyewasaliti. Halafu, akishamuona Hanna, anakumbuka kanuni na kumwacha Eady amekaa garini hajui kinachoendelea. Yaani kanuni aliivunja pale ilipotakiwa kumwokoa, na akaitii pale ilipomwumiza mwanamke asiye na hatia. Steringi wa namna hii humshangilii. Unamlaumu huku unataka apone.

Ina makosa, sitakudanganya. Kile kisa cha Waingro kuua wasichana hakikuhitajika, jamaa alikuwa ameshachukiza vya kutosha kwa kumfyatulia risasi mlinzi kwenye tukio la mwanzo. Ningekuwa mezani ningekikata. Binti wa kambo wa Hanna, ambaye ni Natalie Portman bado mdogo kabisa, ameandikiwa maneno machache mno kwa jambo zito vile. Na Pacino mara mbili tatu anapiga kelele kama anauza mitumba Sabasaba. Ndiyo, ni ndefu. Lakini hiyo ndefu ndiyo iliyotoa nafasi ya Breedan na ya mkono wa Charlene, na bila hao ingebaki filamu nzuri ya polisi na majambazi, ambazo zipo tele.

Mkitaka kuziangalia pamoja, anzeni na Thief, kisha Collateral, mwisho Heat, na Heat muipangie jioni ambayo hakuna wa kuwahi kijiweni. Spika ziwe nzuri kuliko skrini. Muvi iwe ya sauti yake, hata kama Kiingereza kinapita pembeni, na anayeelewa awanong'oneze wengine kwa ufupi. Kinyozi azime mashine ikifika kahawa, na azime tena ikifika roshani.

Kreti ya soda unalipa wewe. Ila kaka yako asipewe mpaka ataje jina la dereva.